Kumtafutia Naomi Mtu Mkweli

Tangu nirudi, sijaweza kupita penye watu bila kuulizwa. Wengine wanauliza kwa upole, "Fundi Elia, mtoto anaendeleaje?" Wengine hawafichi: "Ulizunguka huko kote, mbona umerudi naye vilevile?" Nimewajibu kwa vipande, huyu kisimani, yule baada ya mkutano wa kijiji, na sasa vipande hivyo vinashonwa vibaya. Juzi mtu alimwambia mke wangu kwamba Naomi alipasuliwa kichwa na daktari Mzungu. Kwa hiyo nimekaa chini kuandika yote, ninyi marafiki msome kwa zamu. Mambo ya vibali na tiketi nayaacha, hayana utamu.

Kwa asiyetufahamu: mimi ni seremala, mke wangu ni Raheli, na Naomi ni binti yetu wa kwanza. Alipokuwa mdogo alisema maneno machache, "mama", "maji", "njoo", halafu maneno hayo yakapotea moja moja kama vifaranga wanaochukuliwa na mwewe. Sasa umri wake ni wa kwenda shule, na hasemi. Hamtazami mtu usoni. Anatembea kwa ncha za vidole. Akitaka kitu anakushika kiganja na kukivuta mpaka kwenye kile kitu, kana kwamba mkono wako ni koleo. Na kitu kikibadilika, hata bakuli lake tu, analia mpaka sauti inakauka.

Tulipoishi bondeni kwenye mji wetu wa zamani, tuliweza. Shida ilikuja tulipohamia kijiji kipya. Nyumba yetu ilipangwa mstari wa mbele, jirani kabisa na mashine ya kusaga, na wengi walituonea wivu kwa sababu Raheli hakuwa na haja ya kubeba mtama kwenda mbali. Lakini Naomi akaanza kutoroka. Ukigeuza mgongo tu, ameondoka. Tunamkuta kule bondeni, kwenye gofu la nyumba yetu ya zamani. Siku moja tulimkuta njiani, amesimama ukingoni mwa korongo lililojaa maji ya mvua, mguu mmoja mbele.

Kesho yake kaka yangu mkubwa, Zakaria, alikuja na kamba. Kaka ana sauti ya mtu anayeswaga ng'ombe hata akikuombea heri.

"Mfunge kiunoni, mwisho mwingine kwenye nguzo," alisema. "Si ukatili, Elia. Bila kamba utamzika."

Raheli alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Aliipokea ile kamba kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kumfungia ndama.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kusikia mengi. Kwamba Naomi ni kiziwi. Kwamba ana pepo. Kwamba Raheli alipokuwa mjamzito aliruka moto. Kila aliyesema alisema kwa uhakika, na hakuna wawili waliokubaliana. Nilitaka kumpata mtu mmoja tu anayejua kweli. Kaka alinibariki niende, kwa sharti kwamba nikifika Mkiwa nimwone kwanza mganga mmoja aliyesifiwa sana. Nilikubali. Raheli asingeweza kusafiri na mtoto mchanga, basi tukaondoka mimi na Naomi.

Misigiri hadi Singida, juu ya pamba

Tulipata lori la ushirika lililobeba pamba. Naomi hakutaka kupanda. Aliishika bodi ya nyuma akapiga kelele mpaka dereva akazima injini, na mara injini ilipozimwa yeye naye akanyamaza. Nilimpandisha wakati huo. Injini ilipowaka tena alijichimbia katikati ya marobota, akaziba masikio, akatulia hivyo. Nililiona jambo hilo lakini sikulifikiria.

Kabla ya kufika Kizaga tairi lilipasuka, na la akiba halikuwa na upepo. Dereva alisimamisha baiskeli iliyopita akaondoka nayo kutafuta msaada. Sisi tukabaki kwenye jua, abiria na pamba.

Nilikuwa nimebeba mfuko wa karanga za kukaanga. Nyumbani mnajua: Naomi anakula karanga na uji uliopoa, basi. Mzee mmoja niliyekaa naye aliuona mfuko uko wazi miguuni pangu, akadhani nimeutoa kwa ajili ya wote. Akachota, akampa jirani yake, jirani akampa mwingine. Mimi nilikuwa nimekwenda kujisaidia vichakani. Niliporudi watu wote walinipokea kwa shangwe. "Asante, kijana! Karanga tamu hizi, za wapi?" Mfuko ulikuwa mtupu.

Nifanye nini? Nilisema, "Karibuni."

Wenyeji wa nyumba za karibu walituletea ugali wa uwele na mlenda, Mungu awabariki. Naomi aliusukuma mbali. Njaa ilipomshika alianza kuvuta mkono wangu na kuutia ndani ya mfuko, tena na tena, halafu akajitupa chini. Watu walitazama. Mwanamke mmoja alisema mtoto kama huyo anahitaji fimbo. Yule mzee ndiye aliyeniuliza, "Analilia nini?"

"Karanga, baba. Hali kitu kingine."

Mzee alinitazama, akautazama mfuko, akashika mdomo. Kisha akavua kofia yake, akachukua fimbo yake ya kutembelea, akaondoka. Tulimwona akibisha mlango hadi mlango. Alirudi jua likiwa limeinama, kofia imejaa karanga, nyingine bado na maganda, na akakaa mbele ya Naomi akizimenya moja moja huku akimwomba radhi kama anavyoombwa mtu mzima. Naomi hakumtazama, ila alikula zote.

Singida mjini, duka la vitambaa

Mjini tulifikia Mwankoko kwa shangazi yake Raheli, mwanamke wa mashamba na kuku wengi, ambaye hakuuliza maswali. Alimpikia Naomi uji, akauacha upoe bila kuambiwa mara mbili.

Hospitalini tulisubiri sana. Daktari msaidizi aliyetupokea alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alisimama nyuma ya Naomi, akamenya pipi taratibu. Naomi aligeuka mara moja.

"Si kiziwi," alisema. "Masikio yake ni mazima, pengine yanasikia kuliko yangu. Zaidi ya hapo, ndugu, sijui. Hatukufundishwa magonjwa ya namna hii. Nikikupa dawa nitakuwa nakupa tu ili uondoke na kitu mkononi."

Nilitoka nimekasirika kidogo. Niliona kama nimefukuzwa.

Tukaingia duka moja la vitambaa, nikitafuta kilemba cha kumzibia Naomi masikio tukipanda magari. Muuzaji alikuwa mama wa Kihindu wa makamo, Bi Kamala. Nikiwa nachagua, Naomi aliniponyoka akaenda nyuma ya meza kwenye bakuli la vifungo. Nikasikia vifungo vinamwagika.

"Samahani, mama! Samahani sana!" nilikimbia.

Bi Kamala aliinua mkono kunizuia. Naomi alikuwa amepiga magoti anapanga vifungo sakafuni: vyeupe kwa vyeupe, vya kahawia kwa vya kahawia, mstari umenyooka kama umepigwa kwa uzi. Yule mama alimtazama muda mrefu. Wateja wawili waliingia, akawaambia wasubiri.

"Anasema?" aliniuliza.

"Hapana, mama."

"Alisema zamani, halafu akaacha?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. "Ndiyo. Umejuaje?"

"Binti wa kaka yangu, Rekha, yuko Dodoma. Hivyo hivyo." Aliketi juu ya mzigo wa khanga. "Ndugu, sisi tulihangaika. Tulimpeleka mpaka ng'ambo ya bahari kwa jamaa zetu. Mmoja alituuzia maji ya chupa, mwingine unga wa kupaka utosini. Kila mmoja alikuwa na picha za watoto aliowaponya. Hatukuona mtoto hata mmoja, picha tu."

"Sasa nitamjuaje anayejua?"

Alifikiri. "Mimi nawaangalia wanaanza na nini. Mtu akianza kukuuliza adui yako ni nani kabla hajamtazama mtoto, toka. Akikuambia ni hakika atapona, toka. Na akikukataza kukaa ndani wakati yuko na mtoto, mbebe mtoto ukimbie."

Akaniambia kwamba Dodoma kuna mwanamke anayeitwa Mwalimu Perpetua, anayefundisha watoto wachache katika chumba nyuma ya kanisa. "Rekha yuko kwake. Sitakuambia amepona. Nenda uone mwenyewe kwa macho yako."

Tulipoondoka Naomi hakukubali kuviacha vifungo. Bi Kamala alimtilia vichache kwenye kitambaa na kufunga fundo.

Mkiwa, siku niliyoitwa mumiani

Basi lilitufikisha Mkiwa kwenye njia panda likaishia hapo. Tulipaswa kungoja gari la kwenda Manyoni. Naomi alikuwa amelizoea lile basi. Kushushwa kwake kulikuwa kama kung'olewa jino. Alipiga mayowe, akajirusha, akaning'ata mkono, na mimi nikamkumbatia kwa nguvu asikimbilie barabarani.

Sasa fikirini walioniona. Mwanamume peke yake, mgeni, anapambana na mtoto wa kike anayelia. Wanawake waliokuwa wakiuza viazi na kuku wa kuchemsha walianza kunong'ona kwa Kinyaturu. Kinyaturu nakisikia kidogo tu, nikadhani wananihurumia. Niliwatikisia kichwa kwa shukrani. Kumbe walikuwa wanapanga nani akamwite mgambo.

Wanaume walinizunguka. Mgambo akaja na rungu.

"Mtoto huyu ni wa nani?"

"Wangu."

"Anaitwa nani?"

"Naomi."

Akainama. "Naomi! Huyu ni baba yako?" Naomi hakugeuka. "Naomi!" Kimya. Mgambo akainuka. "Mbona haitikii jina ulilompa?"

"Hasemi, ndugu. Ana matatizo."

"Hasemi!" mtu alicheka kwa hasira. "Mumiani wote wanasema hivyo. Umemnywesha nini?"

Kwa wale mnaokumbuka, uvumi wa wanyonya damu ulikuwa umezagaa wakati ule, na mtu aliweza kuuawa kwa neno hilo tu. Walinivuta mkono mmoja, Naomi wakamvuta upande wa pili. Niliposikia kilio chake kinakwenda mbali nami, niliwaambia, "Nifungeni, lakini msimshike kwa nguvu, hapendi kushikwa. Mwacheni akae chini. Nawaombeni."

Aliyesikia maneno hayo ni muuza viazi mmoja, Mama Hadija. Alisogea mbele, mwanamke mnene mwenye sauti tulivu. "Mwacheni kama anavyosema," aliwaambia. "Mumiani gani anaomba mtoto asiumizwe?"

Wakamwachia. Naomi alizunguka mara mbili palepale alipo, huku akivuma kwa sauti yake ile ya nyuki. Halafu akaja moja kwa moja katikati ya wale wanaume, akapita chini ya rungu la mgambo, akanishika kiganja. Alinivuta. Mgambo hakujua anizuie au aniachie. Tukaenda hivyo hivyo, mgambo ameshika shati langu, mpaka penye mtungi wa maji wa Mama Hadija, na Naomi akaukandamiza mkono wangu juu ya kata.

Nikamchotea akanywa.

"Basi," alisema Mama Hadija. "Mnataka shahidi gani mwingine?"

Yule mgambo aliniachia shati, akalinyoosha kwa kiganja mahali alipolikunja. "Pole, mzee," alisema, ingawa nadhani amenizidi umri. Tulilala kwa Mama Hadija. Alinipa kiazi kikubwa kuliko vyote, na mimi nikalia mbele yake kama mtoto, naye akajifanya anashughulika na moto.

Kwa mganga

Asubuhi nilitimiza ahadi ya kaka. Nyumba ya mganga haikuwa mbali na barabara. Alitupokea vizuri, mtu msafi, mwenye maneno laini. Alinikalisha kwenye ngozi. Naomi alikuwa kwenye mapaja yangu anagonganisha vifungo vyake.

"Katika ukoo wenu," aliniuliza akinitazama mimi, "nani hakufurahia ndoa yako?"

Kabla sijajibu nilisikia mnyororo. Uani, kivulini, alikaa msichana mkubwa kidogo kuliko Naomi, mguu mmoja umefungwa kwenye mti. Alikuwa anajiyumbisha mbele na nyuma, mbele na nyuma, na mlio wa mnyororo ulifuata.

"Huyo ni nani?"

"Mgonjwa. Ameanza kutulia. Wako pia utamwacha kwangu msimu mmoja. Wazazi hawaruhusiwi kumwona, huruma yao inaharibu dawa."

Nilimtazama yule msichana. Mguuni palikuwa na kovu juu ya kovu. Nilisema, "Baba, ngoja nikashauriane na wenzangu," nikatoka kwa heshima zote, na nilipofika barabarani nilikuwa nakimbia. Nilimweleza Mama Hadija. Alisema wazazi wa yule msichana wako Ikungi, na kwamba atawatumia neno. Sina uwezo wa kusema ilikuwaje baadaye. Niliporudi aliniambia walikuja wakamchukua, lakini walimpeleka wapi, hakujua. Huyo msichana bado ananijia ninapopiga randa.

Manyoni hadi Dodoma, gari moshi

Kutoka Manyoni tulipanda gari moshi. Lilichelewa mno, na watu stesheni walikuwa wamekwisha kupika na kula na kugombana na kupatana. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita: kilemba tayari, karanga tayari, maneno ya kuwaomba radhi abiria tayari.

Havikuhitajika. Gari lilipoanza kwenda na magurudumu yakashika mdundo wake, Naomi aliinua kichwa. Akaweka shavu kwenye ubao wa behewa. Halafu akacheka. Hakikuwa kicheko cha kelele kile kinachomjia usiku bila sababu, kilikuwa cha mtoto aliyesimuliwa kitu. Askari mmoja aliyekaa mbele yetu naye akacheka bila kujua kwa nini, akasema, "Binti yako mchangamfu." Ilikuwa mara ya kwanza mtu asiyenifahamu kunisifia Naomi. Nilimjibu, "Ndiyo, mchangamfu sana," na kwa safari nzima ile sikumweleza zaidi.

Dodoma, chumba nyuma ya kanisa

Mwalimu Perpetua alikuwa mwanamke mrefu, mvi zimeanza. Zamani alifundisha watoto viziwi. Chumba chake kilikuwa na mikeka, debe la maji na watoto watano.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibuni. Huyu anaitwa nani? Na anapenda nini?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kueleza asichoweza. "Karanga," nilisema mwisho. "Na vifungo. Na... gari moshi."

"Vizuri. Tuna pa kuanzia."

Binti mmoja mkubwa alituletea maji, akasema "Karibu," akimwambia ukuta badala ya sisi, kisha akavikusanya vikombe, akavisuuza, akavipanga. Huyo ndiye Rekha. Mwalimu aliniambia kwamba kukisuuza kile kikombe alifundishwa kipande kwa kipande: kwanza kukishika tu, wiki nyingine kukizamisha, hivyo hivyo, na kila kipande akikiweza anapewa kitu anachopenda.

Nilimuuliza lililonileta. "Atapona?"

"Sijui kama hili ni jambo la kupona. Najua anaweza kujifunza."

"Atasema?"

"Sijui, baba Naomi."

Nawaambieni ukweli, nilitaka kusimama niondoke. Tairi, njaa, rungu, mnyororo, na mwisho wa yote "sijui". Nilisema, "Mwalimu, sijui ninayo nyumbani."

Hakukasirika. Alinionyesha rafu yenye vitabu vitatu. "Wataalamu wa ng'ambo wanaliita otizimu. Kitabu hiki kinasema kosa ni la mama asiyempenda mwanawe. Nilikisoma, nikawatazama mama za watoto hawa, nikakifunga. Hiki kinasema mtoto akikosea aumizwe. Nacho nimekifunga. Hiki cha tatu kinasema: mtazame mtoto, uone nini kimetokea kabla hajafanya jambo, na nini kimetokea baada. Hicho nakifuata. Kikishindwa, nawaambia wazazi kimeshindwa."

Tulikaa. Nililala kwa mlinzi wa kanisa, na kila asubuhi tulikwenda chumbani, nami nilikaa mkekani naona kila kitu. Mwalimu alitia karanga kwenye mkebe wenye kifuniko kigumu. Naomi akiuvuta mkono wake, yeye alikigeuza kile kiganja kidogo taratibu kikaelekea juu, kama mtu anayeomba, na hapohapo akampa karanga. Mara nyingi, nyingi sana. Kulikuwa na vilio. Siku moja Naomi alimwagia maji. Lakini ilifika asubuhi aliyosimama mbele yangu, si mbele ya mwalimu, akatoa kiganja peke yake. Nilimpa karanga zote nilizokuwa nazo, mwalimu akanigombeza: "Moja inatosha, baba!"

Ndipo nikamweleza habari ya kutoroka, korongo na kamba.

"Akifika huko bondeni anafanya nini?" aliuliza.

"Anakaa tu. Ameegemea ukuta."

"Anatafuta kitu? Analia?"

"Hapana. Ametulia."

"Ameziba masikio?"

Ilibidi nifikiri. "Kule, hapana. Nyumbani ndiyo anaziba, tangu asubuhi."

"Nyumbani asubuhi kuna nini?"

Nilikuwa nafungua mdomo kusema hakuna kitu. Halafu niliisikia kichwani, ikinguruma kama inavyonguruma nyuma ya ukuta wetu kila siku, na sisi tumeizoea mpaka hatuisikii. "Mashine," nilisema. "Mashine ya kusaga."

"Kuna siku mashine haifanyi kazi?"

"Mkanda wake ulikatika wakati fulani, ikakaa kimya hadi mwingine ulipopatikana."

"Siku hizo alitoroka?"

Hakutoroka. Hata mara moja. Kaka Zakaria alikuwa ametundika hirizi mlangoni juma hilohilo, na sote tulisema hirizi imefanya kazi. Mkanda mpya ulipofungwa na Naomi akatoroka tena, tulisema hirizi imeisha nguvu.

Nilifunika uso. Mwalimu akasema, "Pengine haendi bondeni, baba Naomi. Pengine anaikimbia mashine. Lakini usiniamini mimi kwa kuwa ni mwalimu. Mlaze mbali na mashine siku chache, uone."

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa fupi kama zote za kurudi. Kilemba cha Bi Kamala kilifanya kazi kwenye lori, na pale Mkiwa Naomi aliinua kiganja kwa Mama Hadija akapewa kiazi, akakilamba, akakitupa. Mama Hadija alifurahi kana kwamba amekila.

Nyumbani nilimweleza Raheli yote kabla sijavua viatu. Nilipofika kwenye mashine alikaa chini palepale uani.

"Na kusema?" aliuliza. "Atasema?"

"Mwalimu hajui. Hakuniahidi."

Alimhamisha mtoto mchanga ziwa moja hadi jingine. "Wote walioniahidi nimewakumbuka kwa majina," alisema. "Huyo mwalimu ningependa kumwona."

Tulimhamishia Naomi kwa bibi mmoja mjane anayekaa mwisho kabisa wa kijiji. Hakutoroka siku ile, wala iliyofuata, wala ile ya tatu. Yule bibi aligundua kwamba anaweza kupika bila kumkimbilia kila mara, akaja kuniita nione. Mwenyekiti wa kijiji alisikiliza maelezo yangu akikuna kidevu. Alisema hajawahi kusikia nyumba inahamishwa kwa sababu ya masikio ya mtoto. Lakini bibi mwenyewe alisimama mkutanoni, akauliza ni nani mwingine mwenye magoti kama yake anayebeba mtama kutoka mwisho wa kijiji. Alitaka nyumba yangu, nami nilitaka yake. Tukabadilishana.

Hamjaniona nikijisifu, kwa sababu hakuna cha kujisifia. Naomi hasemi. Jana alilia asubuhi nzima kwa sababu nilipaka mlango rangi. Lakini anaomba kwa kiganja, na korongo halijamwona tena.

Mtu wa mwisho kuja kutuona kwenye nyumba mpya alikuwa kaka. Alikuja mchana, na tangu njiani nilimsikia anaamkia watu wa pande zote mbili. Nilitoka haraka kumlaki. Raheli alikuwa amelala kwenye mkeka kivulini, mtoto mchanga ubavuni, mdomo wazi, usingizi mzito wa mchana ambao sijauona kwake tangu Naomi aanze kutembea. Naomi alikuwa karibu yake anacheza na maganda ya karanga.

"Shikamoo, kaka," nilisema kwa sauti ya chini. "Shemeji yako amelala."

Zakaria alifungua mdomo. Alimtazama Raheli, akamtazama Naomi, akatazama mlango ulioachwa wazi na uwanja usio na mtu wa kuulinda. Akavua viatu vyake vya matairi, akavishika mkononi, akaja kwa ncha za vidole, mzee mzima yule, akaketi chini kando yangu.

"Marahaba," alininong'oneza.